Mfilisi au mdhamini amekutendea visivyo haki huko Uingereza: kati ya njia hizi nne, ipi inakufaa?

Kampuni uliyoipa mzigo kwa mkopo imefungwa, au mtu uliyemkopesha ametangazwa mufilisi, na sasa mali yote iko mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa mfilisi kama ni kampuni, au mdhamini kama ni mtu binafsi. Na huyo mtu kafanya jambo ambalo kila ukiliangalia unaona kabisa sio haki. Kagoma kurudisha hela uliyomlipa kimakosa, au kauza mali kwa bei ya kutupa bila kuuliza wengine wangetoa ngapi, au kakaa tu, miezi inapita, ripoti zinakuja na kila ripoti ina bili yake ndani. Wengi wanaokwama hapa hawana shaka kwamba wameonewa, wanachokwama nacho ni waingilie wapi. Sheria ya England na Wales ina njia kadhaa na zote zinazungumzia haki, ila haki ya kila njia ina kipimo chake, na ukipita isiyo yako unaweza kushindwa kesi ambayo kwa njia nyingine ungeishinda, alafu juu yake ukabebeshwa gharama za mawakili wa upande wa pili, maana kule kwa kawaida anayeshindwa ndo anayelipa.

Nalinganisha njia nne. Ya kwanza ni kanuni ya zamani ya majaji inayoitwa Ex parte James. Ya pili ni kuomba mahakama ipindue uamuzi alioufanya. Ya tatu ni kuomba aondolewe kwenye kazi. Ya nne ni kumshtaki alipe yeye mwenyewe. Nyingi zinatoka kwenye Sheria ya Ufilisi ya 1986, na zinahusu England na Wales, Scotland wana taratibu zao.

Kitu cha kukiweka kichwani kabla ya yote

Mfilisi sio mtu wako. Watu wanaandika barua kali kabisa "wewe una wajibu kwangu" na kwa kweli wajibu upo, ila ni kwa wadai wote kama kundi, sio kwako mmoja mmoja. Hili lilisemwa tangu kesi ya Knowles v Scott ya 1891, kwamba mfilisi hamshikii mali kila mdai peke yake, na mwaka 2003 kwenye Oldham v Kyrris mahakama ya rufaa ikalisema tena kuhusu msimamizi wa kampuni (administrator, anayekabidhiwa kuiendesha kampuni iliyokwama kifedha), kwamba hana wajibu wa jumla kwa mdai mmoja mmoja mpaka kuwe na uhusiano maalum kati yao.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria hela inatoka wapi. Mali iliyobaki ni kapu moja, na wadai wa kawaida wasio na dhamana wanagawana kwa uwiano wa madai yao. Kila pauni ambayo mfilisi anakupa wewe kwa sababu roho imemuuma, imetoka kwa fundi ambaye hakulipwa, kwa muuzaji mwingine kama wewe, kwa mfanyakazi anayesubiri salio lake. Kwahiyo jaji akisikia neno "sio haki" swali la kwanza kichwani mwake ni sio haki kwa nani, na tukirekebisha kwa huyu tunamnyang'anya nani. Mimi naona ukiingia mahakamani bila jibu la swali hilo umeshachelewa, hata kama umeonewa kweli.

Vigezo ninavyotumia

Kwa kila njia naangalia mambo yaleyale: nani anaruhusiwa kuipita, unatakiwa kuthibitisha nini, ukishinda unapata nini, inakwamia wapi, na inamfaa mtu wa aina gani. Kigezo cha "unapata nini" usikiruke, maana kuna njia unashinda kabisa alafu mfukoni mwako hakuingii hata senti.

Jambo lingine la kucheki mapema ni aina ya ufilisi wenyewe. Kama kampuni imefungwa kwa amri ya mahakama, mfilisi anahesabika afisa wa mahakama. Mdhamini wa mufilisi naye anachukuliwa hivohivo, na msimamizi wa kampuni pia, sheria inasema waziwazi. Lakini kampuni ikifungwa kwa hiari, yaani wanahisa wamepiga kura wenyewe, mfilisi wake sio afisa wa mahakama. Hii inabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani.

Njia ya kwanza: kanuni ya Ex parte James

Hii ndo njia yenye haki ya kimaadili kabisa, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Kesi yenyewe ni ya 1874. Kulikuwa na mdai aliyekuwa ameshakamata mali za mdaiwa wake kwa hukumu halali na zikauzwa. Mdaiwa akafilisika, mdhamini akaja kusema hela ile ni ya kapu, na mdai akailipa akiamini sheria ndivyo inavyosema. Baadaye ikaonekana sheria haikuwa hivo, hela ilikuwa yake. Shida ni kwamba wakati ule sheria ya kawaida ilikuwa hairudishi hela iliyolipwa kwa kukosea sheria, ukikosea jambo la ukweli unarudishiwa, ukikosea sheria imekula kwako. Jaji James, jina lake limefanana tu na jina la kesi, akasema mdhamini ni afisa wa mahakama, na mahakama ya ufilisi inapaswa kuwa na uaminifu kama watu wengine, kwahiyo arudishe. Yaani kisheria mdhamini alikuwa na haki ya kubaki nayo, na bado akaambiwa airudishe, kwa sababu mahakama haiwezi kumuacha mtu wake afanye kitu ambacho mtu muungwana angeona aibu kukifanya.

Mwaka 1907 ikaja kesi ya Re Tyler ambayo binafsi naona inaonyesha kanuni hii vizuri zaidi. Mume amefilisika, ana bima ya maisha, na mke anaendelea kuilipia bima ile kwa hela yake mwenyewe huku mpokeaji rasmi, yaani afisa wa serikali anayeshika mali za mufilisi, akijua kabisa kwamba analipa, na hakumwambia kitu. Hela ya bima ilipotoka ikaingia kwenye kapu la wadai. Mahakama ikasema mke arudishiwe alichokuwa analipa. Hebu fikiria, bila malipo yake bima ingekufa na wadai wasingepata chochote, kwahiyo kumrudishia hakumnyang'anyi mtu kitu ambacho angekuwa nacho.

Nani anaruhusiwa: mtu yeyote aliyeguswa, hata asiye mdai, na mara nyingi inawafaa zaidi wasio na dai la kawaida la kusajili. Ila lazima anayelalamikiwa awe afisa wa mahakama. Kwenye Re T H Knitwear ya 1988 mahakama ya rufaa ilisema kanuni haimhusu mfilisi wa kampuni iliyofungwa kwa hiari. Kama wa kwako ni wa hiari, ruka moja kwa moja nenda njia ya pili.

Unathibitisha nini: kwa miaka mingi watu walitumia masharti manne ya jaji Walton kwenye Re Clark ya 1975. Kapu liwe limenufaika na kitu kilichotoka kwako, usiwe na uwezo wa kusajili dai la kawaida ukagawiwa na wenzako, hali yenyewe iwe ni ile ambayo mtu mwaminifu angesema sio haki nibaki na hela hii, na marekebisho yaishie kwenye kuondoa faida ile tu, sio zaidi. Bado ni mwongozo mzuri wa kujipima. Alafu mwaka 2020 kwenye kesi ya Lehman Brothers Australia dhidi ya MacNamara mahakama ya rufaa ikaondoa utata mmoja mkubwa: kipimo ni kama jambo lenyewe sio la haki kwa mtazamo wa mtu wa kawaida mwenye akili timamu, na huna haja ya kuthibitisha kwamba afisa alikuwa na nia mbaya au tabia chafu. Pale pande mbili zilisaini makubaliano ya kiasi cha dai, baadaye ikagundulika kuna kosa la hesabu ambalo wote hawakuliona, na wasimamizi wakang'ang'ania mkataba ulivyoandikwa. Jaji wa kwanza aliwapa ushindi wasimamizi, rufaa ikaupindua. Walikuwa wamesimama kwenye mkataba uliosainiwa na bado ikaonekana sio haki kuushikilia.

Unapata nini: hela yako, au afisa anazuiwa kutumia haki yake ya kisheria dhidi yako. Ni moja ya njia chache ambazo faida inakuja kwako moja kwa moja.

Inakwamia wapi: mahakama haitaitumia kupangua foleni ya malipo ambayo bunge limeiweka, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema hivo kwenye kesi ya Nortel ya 2013. Na haisaidii pale kapu lilipopata tu kile ambacho tayari kilikuwa chake. Kesi ya kuisoma ni Re Wigzell ya 1921: benki iliendelea kuhudumia akaunti ya mtu ambaye amri ya ufilisi ilikuwa imeshatoka lakini haijatangazwa, ikapokea hela na kumtolea hela, haijui kitu. Mdhamini akadai zilizoingia zote bila kupunguza zilizotoka, na akashinda. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Jaji Salter kule akatoa angalizo ambalo hadi leo mawakili wa wafilisi wanalitumia, kwamba haki za kisheria unaweza kuzipima kwa uhakika ila kuhusu maadili watu waaminifu wamekuwa wakitofautiana siku zote. Kwahiyo usitegemee kutabiri matokeo kwa urahisi.

Na tangu 1998, kwenye kesi ya Kleinwort Benson, sheria ya kawaida yenyewe ilibadilika, sasa unaweza kudai hela uliyolipa kwa kukosea sheria. Hali kama ile ya 1874 leo pengine ungeanza na dai la kawaida, na Ex parte James ukaiweka pembeni kama hoja ya ziada.

Inamfaa nani: aliyelipa kimakosa, aliyegharamia mali ya kapu huku afisa anajua, aliyebanwa na kosa la hesabu. Haimfai mdai anayeona tu mgao wake ni mdogo.

Njia ya pili: kuomba mahakama ipindue uamuzi

Hapa unatumia kifungu cha 168(5) kwa mfilisi wa kampuni iliyofungwa na mahakama, au 303 kwa mdhamini. Kwa kampuni iliyofungwa kwa hiari kuna 112, ambacho kinaruhusu mdai au mwanahisa kuleta swali mbele ya mahakama na mahakama ikatumia mamlaka ileile. Kwahiyo walioachwa nje na Ex parte James hapa wana pa kuingilia.

Nani anaruhusiwa: ukisoma kifungu unaona "mtu yeyote" aliyekwazika na unafurahi. Usifurahi haraka. Agosti 2023 mahakama ya juu kabisa iliamua kesi ya Brake v Chedington Court Estate na kubana mlango. Wadai wanaingia. Mufilisi mwenyewe au wanahisa wanaingia pale tu ambapo kuna ziada, au uwezekano halisi wa ziada, baada ya wadai wote kulipwa. Wengine wanaingia kwa nadra sana, wakiwa na maslahi halali yaliyoguswa moja kwa moja na mamlaka ambayo mfilisi anayo kwa sababu tu ya ufilisi, mfano mwenye nyumba ambaye mfilisi kaukana mkataba wake wa pango. Kuwa mnunuzi aliyekosa mnada au jirani mwenye mgogoro wa kawaida na mdhamini haitoshi.

Unathibitisha nini: hapa ndo watu wanashtuka. Kama hakuna udanganyifu wala nia mbaya, unatakiwa kuonyesha uamuzi ni wa kipuuzi kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeufanya. Majaji hawataki kufanya kazi ya mfilisi kwa niaba yake, bei ya kuuza, kesi ya kufungua, kesi ya kuacha, hayo ni maamuzi ya kibiashara na wanamuachia.

Kipimo ni kigumu ila kinafikika, na ushahidi ni kesi ya Re Edennote ya 1996. Kampuni ilikuwa ya Terry Venables, yule kocha wa mpira, na ilikuwa na madai dhidi ya klabu ya Tottenham. Kampuni ikafilisika, mfilisi akamuuzia Venables haki ya kuendelea na madai yale. Tatizo ni kwamba Tottenham walikuwa wadai wa kampuni na ndo walikuwa wanashtakiwa, kwahiyo walikuwa na kila sababu ya kutoa hela nzuri zaidi ili kesi ife, na mfilisi hakufikiria hata kuwauliza. Mahakama ya rufaa ikasema huwezi kuuza mali ya wadai bila kujiuliza kama yupo mwingine angelipa zaidi, mauzo yakafutwa. Kilichomponza ni kutouliza, na hilo linaonekana kwenye karatasi. Ukiwa unajenga kesi ya namna hii tafuta kitu kama hicho: ofa iliyotumwa kwa imeli ikakaa bila kujibiwa, tathmini isiyofanyika, mnunuzi wa pili asiyepigiwa simu. Ukibaki kwenye "bei ilikuwa ndogo" hufiki mbali.

Unapata nini: uamuzi unathibitishwa, unapinduliwa au unarekebishwa, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine inayoona inafaa. Faida kwa kawaida inarudi kwenye kapu na wewe unaipata kupitia mgao.

Inakwamia wapi: muda. Mali ikishauzwa kwa mnunuzi asiyejua kitu na hela ikishagawanywa, kupindua kunakuwa kugumu mno. Ukisikia harufu ya uamuzi mbaya andika barua siku hiyohiyo, omba asubiri, weka rekodi.

Inamfaa nani: mdai mwenye uamuzi mmoja mahususi wa kuupinga, bado uko moto, na ana karatasi za kuonyesha mfilisi hakuuliza swali la wazi. Kwa kampuni iliyo chini ya msimamizi njia inayofanana ni aya ya 74 ya jedwali B1 la Sheria hiyo ya 1986, ambapo mdai au mwanachama analalamika kwamba maslahi yake yanaumizwa isivyo haki.

Njia ya tatu: kuomba aondolewe

Nani anaruhusiwa: kifungu cha 108 kwa ufilisi wa hiari, 172 kwa wa mahakama, 298 kwa mdhamini. Wadai wenyewe pia wanaweza kumuondoa kwa kura bila kumshawishi jaji, na kura zinahesabiwa kwa ukubwa wa madai, sio kwa vichwa. Kwahiyo mdai mdogo aliyekasirika kura yake inamezwa, na mdai mkubwa anaweza kumaliza kazi bila kukanyaga mahakamani. Kabla ya kulipa wakili, pigia simu wadai wakubwa uwasikie.

Unathibitisha nini: sababu ya msingi. Huhitaji kuthibitisha wizi. Kwenye Re Keypak Homecare ya 1987 mfilisi hakuiba chochote, alikuwa mlegevu tu, hakufuatilia kwa nguvu mali iliyotoka kwa wakurugenzi, na akaondolewa. Mgongano wa maslahi nao ni sababu, mfano mfilisi anatakiwa kuchunguza muamala ambao ofisi yake ndo iliushauri. Lakini mwaka 2002 kwenye AMP Enterprises v Hoffman jaji Neuberger alionya kwamba ukifungua mlango huu sana kila mdai asiyeridhika ataleta ombi, na mtu mpya anaanza upya kusoma mafaili kwa hela ya wadai walewale.

Rudi kwenye Edennote uone. Jaji wa kwanza alifuta mauzo na akamuondoa mfilisi. Rufaa ikakubali kufuta mauzo ila ikakataa kumuondoa, ikisema mahakama haimuondoi afisa wake kirahisi na lazima ifikirie jina lake kitaaluma. Mtu yuleyule, kosa lilelile, njia mbili, majibu mawili tofauti. Wanaosema "tuweke maombi yote kwa pamoja tuone lipi litanasa" wangeisoma hiyo kwanza.

Unapata nini: mtu mpya. Basi. Hela haiji, uamuzi wa zamani haujipindui wenyewe.

Inakwamia wapi: kwenye gharama za kukabidhiana, na kwenye ukweli kwamba kosa moja, hata kubwa, linaweza lisitoshe.

Inamfaa nani: pale tatizo ni mtu mwenyewe na kazi kubwa bado iko mbele. Kama amebakiza kufunga mahesabu, sioni faida ya kumtimua.

Njia ya nne: kumfanya alipe

Nani anaruhusiwa: kifungu cha 212 kwa mfilisi wa kampuni, 304 kwa mdhamini, aya ya 75 ya jedwali B1 kwa msimamizi. Mdai anaweza kuleta. Mufilisi mwenyewe anaweza kumshtaki mdhamini wake hata kama hakuna ziada, tofauti na njia ya pili, ila aombe ruhusa ya mahakama kwanza. Ruhusa inahitajika pia kwa mtu yeyote kama mfilisi au mdhamini ameshaachiliwa rasmi baada ya kumaliza kazi.

Unathibitisha nini: kwamba alitumia vibaya au alibakiza hela au mali, au alikiuka wajibu wake, ikiwemo wajibu wa umakini, na hasara ikatokea. Uonevu wa jumlajumla hautoshi, lete hesabu. Kwenye Re Windsor Steam Coal ya 1929 mfilisi alilipa dai ambalo halikustahili kulipwa, akajitetea kwamba alishauriwa na mwanasheria. Hakupona, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kwenda kuiomba mahakama mwongozo na hakwenda. Kesi hii nzuri kuitaja hata kwenye barua tu: mwambie jambo lina utata, mwombe aende akachukue maelekezo, na umkumbushe kwamba akijiamulia anajibeba mwenyewe.

Unapata nini: anarudisha, anatoa hesabu au anafidia, pamoja na riba, lakini hela inaingia kwenye kapu. Kama una asilimia ndogo ya madai, umepigana vita kwa ajili ya wengine, na hilo ulijue kabla hujasaini mkataba na wakili. Kuna upenyo mwembamba nje ya kifungu hiki, kwenye Pulsford v Devenish ya 1903 mfilisi wa kampuni iliyofungwa kwa hiari aligawa mali akamsahau mdai aliyekuwa anajulikana kwenye vitabu, kampuni ikafutwa, na mfilisi akalazimika kumlipa mdai yule binafsi. Hivo kama jina lako lilikuwa kwenye vitabu na hukuandikiwa chochote, na kampuni imeshafutwa, mwambie wakili aanzie hapo.

Inakwamia wapi: ushahidi wa kitaalamu, muda mrefu, na bima ya mfilisi itakayoleta mawakili wazuri.

Inamfaa nani: mdai mkubwa, au kundi la wadai waliochanga, wenye hasara inayohesabika.

Kabla ya mahakama

Kuna vitu viwili vya bei nafuu watu wanavisahau. Kwanza omba maelezo ya malipo na matumizi yake: chini ya kanuni za ufilisi za 2016, wadai wasio na dhamana wenye angalau asilimia 5 ya thamani ya madai wanaweza kudai maelezo ndani ya siku 21 tangu wapate ripoti, na kupinga malipo yenyewe mahakamani kunahitaji asilimia 10, ndani ya wiki 8. Ukiwa chini ya hapo unaomba ruhusa ya mahakama. Pili, lalamika kwa chombo kinachompa leseni, malalamiko yanapokelewa kupitia shirika la serikali la ufilisi, Insolvency Service. Hiyo haipindui uamuzi ila inaweza kumpa adhabu, na mfilisi anayejua faili lake linaangaliwa anajibu barua kwa namna nyingine kabisa.

Sasa kwa hali yako

Kama ulilipa kimakosa, au ulitumia hela yako kulinda mali ya kapu na afisa alijua, na yeye ni mdhamini, msimamizi au mfilisi wa mahakama, anza na Ex parte James sambamba na dai la kawaida la kurudishiwa. Mwandikie kwanza ukimtajia Re Tyler na kesi ya Lehman ya 2020, kwa sababu afisa wa mahakama anaruhusiwa kulipa baada ya kupata maelekezo bila kusubiri ashtakiwe.

Kama mfilisi ni wa hiari na jambo ni lilelile, Ex parte James haipo, nenda kwa 112 na dai la kawaida.

Kama mali iko karibu kuuzwa kwa mtu mmoja na wewe unajua mwingine angetoa zaidi, njia ya pili, na leo sio wiki ijayo. Tuma ofa yenye namba kwa maandishi kabla ya kutuma ombi mahakamani, maana ofa isiyojibiwa ndo ushahidi wako.

Kama anachelewa, hafuatilii wakurugenzi, au ana uhusiano na mtu anayepaswa kumchunguza, na mafaili bado yamejaa, hesabu kura za wadai kwanza alafu ndo ufikirie kumuondoa kwa amri.

Kama hela imeshapotea na unaweza kuonyesha kiasi na kosa lililosababisha, njia ya nne, ila tafuta wenzako mchange gharama, na mcheki kama ameshaachiliwa rasmi ili muombe ruhusa mapema.

Na kama wewe ndo mufilisi na nyumba yako imeuzwa vibaya, piga hesabu ya ziada kabla ya chochote. Ziada ikionekana, 303 iko wazi kwako. Isipoonekana, Brake imekufungia hapo, lakini 304 bado ipo kwa ruhusa ya mahakama, na kwenye ombi la ruhusa jaji atataka kuona thamani halisi ya nyumba siku ilipouzwa, bei iliyopatikana, na mdhamini alitegemea tathmini ya nani.